Mwandishi Mwenye Shughuli Nyingi, na Sisi Tunaomsubiri Kwenye Simu

 

Leo hatuzungumzii shela wala hina. Tunataka kusema jambo kuhusu waandishi wa habari, hasa dada zetu walioko redioni, magazetini na kwenye televisheni za mtandaoni, na namna wanavyotumia Instagram, WhatsApp, Facebook na TikTok kuzungumza na sisi. Kilio chao tunakijua: muda hakuna. Siku imejaa, mhariri anasubiri habari, na huko mtandaoni kuna maelfu ya watu wanaotaka kujibiwa.

Maoni yetu ni haya. Mwandishi mwenye shughuli nyingi hahitaji kuposti zaidi. Anahitaji kusikiliza zaidi, kwa saa chache zinazojulikana, na kutimiza anachoahidi. Wafuasi wanaopatikana kwa njia hiyo huja polepole, lakini ndio wanaobaki.

Mtatuuliza, nyinyi mafundi cherehani wa Mbagala mmejuaje mambo ya uandishi? Ni kweli, elimu yetu ni ya sekondari na kozi ya ushonaji, na kazi yetu ni kushona na kuuza nguo za harusi, mabaibui na mitandio. Lakini nusu ya biashara yetu iko ndani ya simu. Mteja wa Chamazi anatuma picha ya gauni saa nne usiku, wa Bunju anauliza bei, wa Unguja anataka kujua kama mzigo wake umeshapanda boti. Tunajua maana ya kuwa na kazi mkononi huku simu inalia. Na kubwa zaidi, sisi ndio hadhira yenyewe. Habari wanazoandika, wanatuandikia sisi. Mnywaji ana haki ya kusema chai imepungua sukari hata kama hajui kuichemsha.

Tuanze kwa haki

Dada anayeishi Mbagala au Bunju na kufanya kazi mjini anatoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri. Asubuhi yuko mahakamani Kisutu. Mchana kuna mkutano na waandishi upande mwingine wa jiji. Jioni habari iwe imeshafika kwa mhariri. Wengi wao si waajiriwa wa kudumu, wanalipwa kwa habari iliyotumika. Isipotumika, nauli na jasho vimekwenda. Akirudi nyumbani kuna watoto, kuna chakula cha usiku, kuna mume, kuna mama mkwe anayetaka kujua kwa nini leo amechelewa. Mtu huyu ukimwambia aposti mara kumi kwa siku na aende laivu kila usiku, unamtakia maradhi.

Kwa hiyo hatumlaumu kwa kukosa muda. Tunachosema ni kwamba muda mdogo alionao, wengi wanautumia mahali pasipo na faida. Njia ya mkato tunaiona kila siku: video inachukuliwa kutoka kwenye grupu, yanaongezwa maneno matatu na alama za mshangao, inawekwa ukurasani. Laiki zinaingia. Chini yake kuna maoni mia tatu, watu wanauliza ni wapi, ni lini, huyo mtoto amepatikana au bado, na hakuna hata moja lililojibiwa. Kesho yake inawekwa nyingine.

Hapo sisi tumekuwa kama wageni wanaohesabiwa mlangoni mwa ukumbi bila kukaribishwa ndani. Idadi yetu inapelekwa kwa mwenye tangazo, swali letu linabaki mlangoni. Hatudhani kuwa hii inastahili kuitwa kuwa karibu na wasikilizaji.

Walioishi na hadhira kabla ya bando

Nyinyi watu wa visiwani mna mfano mkubwa kuliko wote, nao ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akauza vyungu, na mwaka 1928 sauti yake ikawekwa kwenye santuri huko Bombay. Nyimbo zake zilibeba habari za mji: kesi, dhulma, mambo ambayo watu wa chini waliyanong'ona. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Siti hakuwa na gazeti, lakini alichokiimba kilitokana na kusikiliza watu wa mitaani wanasema nini.

Ndiyo maana dada zetu wa Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na wanawake kama Fatma Alloo wa Zanzibar, waliliita jarida lao Sauti ya Siti. Nao waliandika habari za wanawake ambazo vyombo vingi vilikuwa havina nafasi nazo: kupigwa, kubakwa, kunyimwa mirathi. Kelele zao na za wanawake wenzao zilichangia kupatikana kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Wakati ule hakukuwa na mtandao. Kulikuwa na wanawake waliokuja kusimulia, na waandishi waliokaa kitako kusikiliza.

Halafu kumbukeni kadi za salamu. Mama zetu walinunua kadi, wakaandika majina ya ndugu na majirani, wakazipeleka redioni, kisha wakakaa na redio ya betri kusubiri jina lao litajwe. Mtangazaji alikuwa mmoja na kadi ni gunia zima. Hakuzisoma zote, lakini kila mtu alijua siku ya kipindi na saa yake. Anayesubiri akijua saa, hachoki kusubiri.

Zama za mtandao zilipokuja, waliofanikiwa walifuata desturi hiyohiyo. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alifungua blogu yake Septemba 2005 akiwa safarini Helsinki, kwa msaada wa Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa blogu za Kiswahili. Michuzi hakuwaita watu wafuasi, aliwaita wadau, na wao wakamwita Ankal. Mdau ni mtu mwenye sehemu yake katika jambo. Wadau walileta picha, walileta tangazo la msiba, walimsahihisha. Mtu wa Temeke aliyekuwa ughaibuni aliingia pale kutazama nyumbani kukoje.

Baada yake alikuja Millard Ayo, aliyetoka kwenye kipindi cha Amplifaya cha Clouds FM akajenga tovuti yake na AyoTV, mpaka kijana wa Tandika anapotaka kujua kama jambo ni la kweli anauliza kwanza, "Millard ameiweka?" Tulisikie vizuri swali hilo. Kijana anatafuta mtu ambaye akisema, atamwamini, na kuaminiwa huko ni mtaji mkubwa kuliko kamera.

Tunayotaka kuulizwa

Mwandishi akikaa ofisini mjini anaweza kudhani watu wa Mbagala, Buza, Tandale na Mabwepande wanataka umbea wa wasanii tu. Tunaupenda umbea kidogo, hatukatai. Lakini tazameni maswali yanayozunguka katika magrupu yetu ya wanawake, ya vikoba, ya madrasa na ya wazazi wa shule. Maji yatatoka lini? Zahanati dawa za presha zipo? Mchele umepanda, wapi kuna nafuu? Barabara ya Kilwa ilichimbwa, vituo vya mwendokasi vikajengwa, na kwa muda mrefu sana swali la mtaa mzima wa Mbagala lilikuwa moja: mabasi yanaanza lini? Yalipoanza mwaka 2025 swali likabadilika: yanapita saa ngapi, na tunalipaje?

Maswali haya ni habari zilizoiva. Mwandishi anayetembea jiji zima kutafuta habari angepunguza safari kama angeandika tu kwenye statasi yake: "Wakazi wa Mbagala, leo maji yametoka mitaa gani?" Ndani ya nusu saa angekuwa na majibu ya kumfikisha kwa ofisa wa maji akiwa na maswali yenye uzito. Kwa hiyo anayesema hana muda wa kuzungumza na wasomaji tunamwambia, dada yetu, sisi ndio tungekupunguzia kazi.

Na yako mambo ya kufa na kupona. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la kambi ya jeshi Mbagala lililipuka. Watu zaidi ya 20 walifariki, nyumba ziliharibika, watoto wakapotezana na wazazi wao katika kukimbia. Wakati ule sisi tulikuwa bado wasichana na simu za mtandao zilikuwa za wachache, lakini uvumi haukusubiri mtandao. Siku kama hiyo ikitokea leo, Mola atuepushe, maelfu ya watu watafungua simu kumtafuta mtu wa kumwamini. Mwandishi hawezi kuanza kujenga imani siku ya mlipuko. Anaijenga siku za kawaida, kwa kujibu swali la maji na la mwendokasi.

Saa moja yenye mlango

Sasa tuje kwenye namna ya kufanya, kwa sababu kulaumu bila kusaidia si tabia njema.

Sisi dukani tuna saa. Mteja akijua kuwa ujumbe wote unajibiwa baada ya Adhuhuri na baada ya Isha, hakasiriki asubuhi akiona kimya. Mwandishi naye achague nusu saa au saa moja, mara tatu kwa wiki zinatosha, aitangaze na kuiandika juu ya ukurasa wake. Saa hiyo asiposti kitu kipya. Ajibu tu. Nje ya saa hiyo afanye kazi yake, alee wanawe, asali, alale. Ahadi ndogo inayotimizwa ina thamani kuliko ahadi kubwa ya "nitawajibu wote".

Pili, achague nyumba moja. Huwezi kuwa mwenyeji mzuri katika nyumba tano kwa usiku mmoja. Kama watu wake ni akina mama wa Temeke, wengi wako WhatsApp na Facebook. Kama ni mabinti, wako Instagram na TikTok. Ajue pia kwamba bando ni pesa ya mboga. Video ndefu ya dakika kumi mama hafungui, anaogopa bando litaisha. Ujumbe wa sauti wa dakika moja, wa Kiswahili kilichonyooka, atausikiliza huku anamenya viazi, na asiyejua kusoma vizuri naye atafaidika.

Tatu, jibu moja liwatoshe wengi. Watu hamsini wakiuliza kitu kimoja, hakuna haja ya kujibu mara hamsini. Akusanye maswali, ajibu mara moja hadharani, alibandike jibu juu. Sisi tunafanya hivyo kwa bei na vipimo, na limetuokolea saa nyingi.

Nne, arudi. Hili ndilo linalokosekana kuliko yote. Mwandishi anakuja mtaani, anachukua maoni yetu, habari inatoka, na hatumwoni tena. Yule mama aliyelia mbele ya kamera kwa kubomolewa kibanda chake alipata nafasi nyingine au hakupata? Mtoto aliyepotea alirudi? Sentensi mbili zingetosha: "Ile habari ya mwezi uliopita imefikia hapa." Mteja haridhiki na fundi aliyechukua vipimo na pesa, akanyamaza. Hata kama gauni halijakamilika, mwambie limefika wapi.

Pima kabla ya kukata

Kila aliyepita kozi ya ushonaji anakumbuka somo la kwanza: futi kamba kabla ya mkasi. Kitambaa kikishakatwa vibaya hakiungiki kikarudi kama kilivyokuwa. Habari nayo ikishatoka, hata ukiifuta, watu wameshaipiga picha na kuisambaza.

Sisi Waislamu tumeagizwa jambo hili waziwazi. Aya ya 6 ya Sura ya Hujurat inatutaka tukiletewa habari na mtu asiyeaminika tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametuonya juu ya mtu anayesimulia kila anachokisikia. Maonyo haya yanamhusu mwandishi, na yanamhusu pia mama wa grupu anayebonyeza kutuma kabla ya kusoma mpaka mwisho.

Ndiyo maana hatukubaliani na waandishi wanaosema, "Nisipoiweka mimi, mwenzangu ataiweka." Mwache aiweke. Wewe andika, "Tumeiona, tunaifuatilia, tutawaambia." Maneno hayo yanachukua sekunde chache na yanakutenga na waongo. Na likitokea kosa, lisahihishwe palepale lilipotokea, kwa herufi kubwa zilezile. Kusahihisha kwa kificho siku tatu baadaye ni sawa na kumsingizia mtu msikitini ukamwomba radhi uchochoroni.

Harusi ya mtu si maudhui

Hapa tunawaomba maharusi watusikilize kwa makini, na waandishi pia.

Shughuli zetu nyingi ni za wanawake watupu. Kwenye singo, kwenye kupaka hina, siku ya bibi harusi kutolewa ukumbini, wanawake wanavua mabaibui kwa sababu wanajua waliomo ni wanawake. Hiyo ni amana. Kisha mmoja anatoa simu, anarekodi, anatuma kwa grupu la watu wachache. Grupu linavuja. Ukurasa wenye wafuasi laki kadhaa unaichukua, unaandika maneno ya mzaha, na ndani ya saa moja mwili wa dada huyu unajadiliwa na wanaume asiowajua.

Tumeshuhudia jambo hilo kwa bibi harusi wa upande wetu wa Temeke ambaye nguo yake ilitoka mikononi mwetu. Hakucheza vibaya, alicheza kama anavyocheza mwanamke mwenye furaha mbele ya shangazi zake. Siku ya tatu ya ndoa yake aliimaliza kwa kilio, mama yake akipiga simu huku na huko kuomba video iondolewe. Aliyesimamia ukurasa ule alijitambulisha kuwa ni mwandishi wa burudani. Alipopatikana alisema alikuwa na kazi nyingi, hakupata nafasi ya kuuliza ni ya nani.

Hoja hiyo ya kazi nyingi hatuikubali. Kuuliza "Mwenyewe ameridhia?" kunachukua dakika mbili. Kama dakika mbili hazipo, video isiwekwe, basi. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kuona harusi ya mtu.

Tena nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko ya mtu anayeona taarifa zake zimetumiwa vibaya. Wanawake wengi hawalijui hili. Mwandishi anayetafuta cha kuwaambia wasomaji wa kike angeanza hapo: haki yako ni ipi, malalamiko yanapelekwa wapi, na ushahidi unatunzwaje. Habari kama hiyo ingesambazwa katika kila grupu la maharusi bila kuombwa.

Na nyinyi maharusi, wekeni sharti kabla ya siku yenu. Mwambieni mshereheshaji atangaze kuwa simu zinakaa mikobani. Mpiga picha mwanamke mpeane naye makubaliano ya maandishi: picha ni zako, haziwekwi popote bila ruhusa yako. Msione haya. Aliyekuja kukufurahia hatachukia.

Nyumba isiwe na nguzo moja

Kuna somo jingine tulilolipata sote mwaka 2025. Mwezi Mei mtandao wa X ulizuiwa nchini. Kisha kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Kwa siku zile, mwenye wafuasi laki mbili na asiye na mfuasi hata mmoja walikuwa sawa. Na ndizo siku ambazo watu walihitaji habari ya uhakika kuliko wakati wowote.

Kwa hiyo mwandishi asiweke hadhira yake yote ndani ya programu ya simu ambayo si mali yake. Awe na daftari la namba za watu wa mitaa mbalimbali: mama wa Kijichi, bodaboda wa Tegeta, mwalimu wa madrasa wa Tandika, muuza samaki wa Ferry. Awapigie siku za amani, asiwakumbuke siku ya taabu tu. Redio nayo isidharauliwe. Na anayefikiria kufungua televisheni yake ya mtandaoni aulize kwanza masharti ya leseni kwa TCRA. Tangu kanuni za mwaka 2018 jambo hilo lina gharama na taratibu zake, na si vizuri kujenga ukumbi halafu ukaambiwa kiwanja hakina kibali.

Wapo watakaopinga

Mwandishi wa kike atatuambia, "Nikifungua mlango, wanaingia wenye matusi." Ni kweli, na tunalijua. Mwanamke akitoa maoni ya siasa au ya mpira anajibiwa kuhusu sura yake, mavazi yake na ndoa yake. Hatumtaki avumilie. Kuzuia mtu mwenye matusi si kukataa maoni. Hata sisi dukani anayetukana anaonyeshwa njia. Tunachomwomba ni asiwafungie mlango mia wenye adabu kwa sababu ya kumi wasio nayo. Akiweza, amtafute mwenzake mmoja wa kupokezana naye kusoma maoni, ili sumu yote isiingie moyo mmoja.

Wengine watasema kuwa mwanamke wa Kiislamu hana haja ya kuonekana mitandaoni hata kidogo. Tunaheshimu wanaochagua hivyo. Lakini mama yetu Bi Aisha (R.A.) alikuwa akiulizwa na Waislamu, wanaume kwa wanawake, na elimu aliyoifikisha ndiyo tunayoitegemea mpaka leo. Kinachotazamwa ni adabu, ukweli na nia. Sauti ya dakika moja inayomwambia mama wa Yombo chanjo ya watoto inatolewa wapi ni sadaka, in shaa Allah.

Wahariri nao tuna neno nao. Kujibu wasomaji ni kazi, si starehe. Kama mnataka waandishi wenu wapendwe na watu, waacheni saa hiyo ihesabike ndani ya siku ya kazi, na bando lake lilipwe. Mnamtuma mtu sokoni bila pesa halafu mnauliza kikapu kiko wapi?

Na sisi wasomaji je?

Haitakuwa haki kumaliza bila kujigeukia. Sisi hadhira tuna zetu. Tunapiga simu ya video kwa mtu tusiyemjua saa sita usiku. Tunauliza swali ambalo jibu lake liko kwenye mstari wa kwanza. Tunamtumia mwandishi picha za maiti wa ajali kabla familia haijajua, tukidhani tunamsaidia. Mwandishi akiweka habari ya shule isiyo na madawati tunapita kimya. Akiweka ugomvi wa wake wenza tunajaa mia tano. Kisha tunalalamika kuwa waandishi wanapenda umbea. Wanauza tunachonunua.

Basi tuanze na kitu kidogo. Wiki hii, kila mmoja wetu amchague mwandishi mmoja anayefanya kazi yake kwa uaminifu, hasa dada aliyeko mtaani kwenu. Amwandikie ujumbe mmoja wa maana: kuna tatizo gani, ni wapi, lilianza lini, nani anaweza kuthibitisha. Amwekee akiba ya "jazakillahu kheir" mwishoni. Kisha asubiri saa yake ya kujibu kwa subira. Ujumbe kama huo ukiingia kati ya elfu moja za "mambo" na "nifolo", utaonekana.

Na dada zetu waandishi, hatutaki muwe mitandaoni usiku na mchana. Tunataka mkija, mje kweli. Tupeni nusu saa yenye masikio, sisi tutawapa mtaa mzima.

Allah awatie nguvu wanaofikisha ukweli, awasitiri maharusi wetu, na atulinde na shari ya ndimi na vidole vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.